Mwanamke hachagui kazi, anachagua saa

Mpwa wangu mmoja anakaa Mahonda, hapa kwetu Zanzibar, ana watoto watatu, mwaka jana akaitwa kazi hoteli moja huko Kiwengwa, kusafisha vyumba, mshahara shilingi 400,000 kwa mwezi. Akakataa. Akabakia na kazi yake ya kusomesha nasari hapo hapo mtaani kwao inayomlipa 180,000, na hiyo nayo mwezi mwengine inachelewa. Kaka yangu, yani mjomba wake, aliposikia alitikisa kichwa siku nzima, na jioni barazani hana hadithi nyengine: kazi zipo, wao ndo hawazitaki, wanataka kukaa kitako, alaf wakija watu kutoka Bara na Kenya wakazichukua tunalia eti watoto wetu hawana ajira.

Mi nilikuwa ndani napanga vikombe, nikasema leo sinyamazi. Nikatoka na kalamu na bahasha kuukuu nikamwambia kaka sogea tupige hesabu, mana hesabu hii mtoto mwenyewe alinipigia kwa simu usiku mzima kabla hajakataa.

Hoteli 400,000. Gari ya wafanyakazi inapita barabara kuu, lakini zamu ya asubuhi inapita kabla hajamaliza kuwavisha watoto, kwahiyo siku nyingi atapanda daladala, weka 50,000. Mtoto wa mwisho ana miaka miwili na nusu, atakaa na nani? Msichana wa kumuangalia hapatikani chini ya 120,000, na atakula hapo hapo. Zimebaki 230,000. Upande wa pili nasari 180,000, lakini huku anaamka saa 10 alfajiri anakaanga maandazi, watoto wa jirani wanayachukua saa 12, faida haipungui 5,000 kwa siku, siku 26 ni 130,000. Jumla 310,000, na mtoto mdogo anaingia naye darasani bure. Kazi inayolipa chini ya nusu ya mshahara wa mwenzake ndo inayomuingizia pesa nyingi zaidi. Kaka akaitazama bahasha, akakaa kimya, alaf akasema "lakini hoteli kuna tipu." Kweli, tipu zipo. Nikamwambia tipu haimpokei mtoto akitoka chuo cha Kurani.

Sasa watu wengi tukizungumza habari ya wanawake na ajira tunaanzia kwenye mshahara, au tunaanzia kwenye dini na mila, kwamba mwanamke wa Kizanzibari hapendi hoteli kwa sababu ya pombe na sare na wageni wanaotembea nusu uchi. Sikatai, lipo hilo, na wapo wanaokataa kwa hilo tu na wana haki yao. Lakini mi nimefanya kazi hoteli miaka minne, ofisi ya mahesabu, na nilivyoona mimi hilo la pombe mara nyingi ndo jibu la heshima mtu analokupa asijieleze sana, ukikaa naye mkanywa chai mpaka ya pili unakuta kitu chengine kabisa. Unakuta saa. Mwanamke mwenye familia hachagui kazi kwanza, anachagua saa, alaf kazi yoyote itakayoingia ndani ya hizo saa ndo anaichukua.

Na siku ya nyumba ya Kizanzibari ina umbo lake. Chakula kikubwa kwetu ni cha mchana, sio cha usiku. Watu wanatoka kuswali adhuhuri wanataka wali na mchuzi uko chini ya kawa, na huo mchuzi haujipiki, umeanza saa 3 asubuhi sokoni kutafuta samaki, nazi ikunwe, mchele uchambuliwe. Kwahiyo asubuhi yote imeshakwenda. Sisi tuliosoma skuli za mikondo miwili tunajua na jengine, kwamba mkubwa anaingia asubuhi anarudi mchana, mdogo anaondoka mchana anarudi jioni, na katikati kila mmoja ana chuo chake cha Kurani kwa wakati wake. Mama yetu alikuwa kama mkuu wa bandari, huyu anaingia huyu anatoka, na kila anaeingia ana njaa. Siku hizi serikali imejenga skuli za ghorofa sehemu nyingi na mikondo inapungua, na mi nasema bila utani kwamba hizo ghorofa zinaweza kuwa zimefanya kazi kubwa zaidi kwa ajira za wanawake kuliko semina zote za ujasiriamali tulizogaiwa chupa za maji na kalamu.

Ukishaliona hilo umbo utaelewa kwanini kazi ya serikali inapendwa ivo. Sio uvivu. Ofisi za serikali Zanzibar zinafunguliwa saa 1 na nusu asubuhi zinafungwa saa 9 na nusu, Jumamosi na Jumapili nyumbani, na ratiba ya mwezi ujao unaijua leo. Mshahara unaweza ukawa mdogo lakini saa zake zina adabu. Hoteli ni kinyume chake. Zamu ya pili inaanza mchana inaisha usiku, wiki hii asubuhi wiki ijayo jioni, na ratiba inabandikwa Jumapili kwa wiki inayoanza Jumatatu, sasa mtu mwenye mtoto anyonyae atapanga nini? Ndo maana utakuta hotelini wanawake wa hapa hapa wengi ni wale ambao hawajaolewa, au waliokwishaachika, au wenye mama mzazi nyumba moja.

Na bado hatujafika Ramadhani. Mwezi ambao nyumba inamtaka mwanamke kuliko miezi yote, futari ya watu kumi, tambi, uji, viazi, sambusa, kupelekeana sahani na majirani, mageni hayaishi, ndo mwezi huo huo hotelini mgeni anataka chakula chake cha usiku saa 12 na nusu juu ya alama. Nilikuwa nafuturu kwa tende mbili na chai ya maziwa iliyopoa huku nasubiri gari. Alaf masika yanaingia, wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafunga kabisa Aprili na Mei, mkataba unasimamishwa. Yani inakutaka pale nyumba inapokutaka, na ukipata nafasi yenyewe haikutaki.

Kuna mwanauchumi wa Marekani, Claudia Goldin wa chuo kikuu cha Harvard, alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023 kwa kuchambua historia ya wanawake na ajira nchini kwao, data za miaka kama 200. Katika aliyoyaeleza lipo la kazi zenye uroho, yani kazi inayolipa vizuri sana mradi mtu awe tayari saa yoyote atakayoitwa, usiku, wikiendi, safari. Wawili wakishapata mtoto mmoja anashika kazi ya uroho na mwengine anashika ile inayompa nafasi ya kukimbilia nyumbani, na mara nyingi huyo wa pili ni mwanamke, na hapo ndo pengo la mishahara linapozaliwa hata kama wamesoma darasa moja. Nilivyolisoma hilo nikacheka, mana huko kwao kazi ya uroho angalau inalipa. Hapa kwetu tunazo za uroho zisizolipa.

La pili alilolionyesha linatuhusu zaidi. Zamani watu walipokuwa wakilima na kufanya shughuli zao nyumbani, wanawake wa Marekani walioolewa walikuwa wakifanya kazi kwa wingi, zikaja kazi za kiwandani ushiriki wao ukashuka, alaf ofisi na elimu zilipopanuka ukapanda tena. Sababu moja ni hiyo hiyo ya umbali, shamba liko nyuma ya nyumba, kiwanda hakiko.

Sasa ukitaka kuona kazi iliyokatwa na kushonwa kwa kipimo cha mwanamke mwenye nyumba nenda Paje au Jambiani bamvua likiingia. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989, mbegu zikatoka Ufilipino, na mwanzoni wanaume nao waliingia baharini. Walipoona bei wakarudi kwenye nyavu, na baadae kwenye utalii. Waliobaki ni wanawake, na mpaka leo wakulima wa mwani Zanzibar wanahesabika kwa maelfu mengi na walio wengi sana ni kina mama. Kwanini wao walibaki na bei ni ile ile? Bahari yenyewe ndo iliyowapangia zamu. Bamvua lina siku zake, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana na kwa pwani yetu kupwa hilo huangukia asubuhi kuelekea mchana. Unashuka na mambo zako, yani vile vijiti vya kuchomeka chini, kamba na taitai, vikamba vya kufungia, unafunga mbegu, unavuna iliyokomaa baada ya wiki kama sita, maji yakijaa unarudi. Maji mafu yakiingia huendi, upo nyumbani, unaanika, unafunga taitai na wenzako ukumbini huku watoto wanacheza, sufuria iko jikoni. Hakuna bosi, mtoto akiugua hakuna wa kumuomba ruhusa, jirani atakuangalizia mistari yako. Mabibi wengi wa pwani ya mashariki wameezeka bati na wamesomesha kwa mwani, hilo hakuna wa kulikanusha.

Lakini hiyo kazi inayokupa saa zako inajua inachokupa, na inakukata kwenye pesa. Bei anapanga mnunuzi. Mgongo unauma, macho yanaungua na mwanga wa maji, na siku ukishindwa kushuka hakuna likizo ya ugonjwa. Sheria ya ajira ya Zanzibar, namba 11 ya 2005, inampa mama muajiriwa siku 90 za likizo ya uzazi, ni jambo zuri, ila neno zito hapo ni muajiriwa. Mkulima wa mwani na mkaanga maandazi na mshona kofia hawamo, likizo yao ya uzazi ni arobaini kwa mama mzazi kama mama yupo. Mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, una mpango wa hiari kwa waliojiajiri wenyewe, wapo wanaochangia, lakini kumwambia mtu ambae mapato yake yanategemea mwezi kuandama aweke fungu kila mwezi wa kalenda kunataka maelezo ya ziada.

Na sasa bahari imebadilika nayo. Ile mbegu yenye bei nzuri, kotonii, haistahamili maji ya moto, imekuwa ikifa pwani kwa miaka mingi, inayokubali ni spinosamu ambayo bei yake ni ya chini. Kotonii inataka maji ya kina kirefu zaidi yenye ubaridi. Wataalamu wakatafuta njia za kuipanda huko, zipo, lakini kwenda huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani waliozaliwa na bahari mlangoni hawajui kuogelea, hawakufundishwa, mana kaka zao walipokuwa wakipiga mbizi wao walikuwa wakichota maji. Pia kunataka muda mrefu zaidi wa kuwa mbali na nyumba. Kwahiyo lile lile lililomfanya aupende mwani ndo linalomzuia asiufuate mwani ulikokwenda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wataalamu wengi wakija kutufanyia utafiti wanalipita juu juu. Nafaka, yani matumizi ya mke na watoto.

Kwa sheria yetu ya dini nafaka ya mke na watoto iko juu ya mume, chakula, nguo, makaazi. Mali ya mke ni ya mke, halazimiki kuitoa. Ukiisoma ivo unasema mashaallah, mwanamke ana hiari, akitaka afanye kazi asitake akae. Lakini angalia hiyo hiari inavyofanya kazi ndani ya nyumba. Kwa vile pesa yake imehesabika ni ya ziada, basi na kazi yake ni ya ziada. Mtoto akipandwa na homa usiku, nani hendi kazini asubuhi? Hakuna anaeuliza. Hata kama mke ni nesi na mume ana kijiduka ambacho mdogo wake angeweza kukifungua, nesi ndo atakaeomba ruhusa. Na muajiri nae analijua hilo. Mi niliulizwa kwenye usaili, na sitotaja wapi, "una mpango wa kuongeza mtoto lini?" Nikajibu Mungu ndie mpangaji, wakacheka wote, kazi akapewa kijana mmoja ambae miezi mitano baadae alihamia Dubai. Kwahiyo tukisema mwanamke amechagua tukumbuke kuna milango iliyofungwa kabla hajafika kuichagua.

Upande wa pili wa nafaka ni pale pesa ya mwanamke inapojulikana. Nasema mnisamehe kina kaka, sio wote, lakini mtindo upo na kila nyumba inaujua. Bwana alikuwa anaacha 10,000 ya matumizi kila asubuhi. Mke akaajiriwa. Mwezi wa kwanza kumi, mwezi wa tatu saba, mwezi wa sita anaacha tano na anasema "utajazia". Hajajazia nani? Baada ya mwaka ada ya tuisheni ni yake, umeme ni wake, na sare za skuli pia, alaf bado kupika na kufua ni kwake kama zamani. Mshahara wenye siku yake na risiti yake ni mshahara ambao kila mtu nyumbani anaujua, mume, mavyaa, wifi, na mdogo wako anaetaka bodaboda.

Ndo maana kuna kazi ambazo kwa mtu wa nje hazina akili hata kidogo na zinashikiliwa kwa miaka. Jirani yangu anashona kofia za viua kwa mkono, kofia moja inamkalia wiki kadhaa, akiipeleka dukani Darajani anapata pesa ambayo ukiigawa kwa saa alizokaa nayo utalia. Nikamwambia shoga si utafute kazi ya duka? Akanijibu, mwenzangu, hii kofia nani anajua nimeiuza shilingi ngapi? Pesa inatoka Darajani inaingia kwenye mchezo wa kina mama kumi na mbili, zamu yake ikifika anapokea fungu zima, anaenda sokoni kwa sonara. Ana bangili mbili alizozinunua ivo. Hiyo kazi yake inalipa kidogo lakini inalipa kimya kimya, na kwa mwanamke ambae hajui kesho ndoa yake itakuwaje ukimya una thamani. Mtafiti akija na fomu akamuuliza "unafanya kazi?" atasema aa, mi nipo nyumbani tu.

Na takwimu zitamuandika nyumbani tu. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi wa dunia walikutana Oktoba wakakubaliana kwamba kulea, kupika, kuchota maji na kadhalika vihesabike kuwa ni kazi, ila neno ajira libaki kwa kazi ya malipo au faida. Kwahiyo kwenye karatasi mambo yamenyooka. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake milioni 708 duniani walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya kulea na majukumu ya nyumbani, na wanaume waliokuwa nje kwa sababu hiyo hiyo ni milioni 40. Hiyo ni dunia nzima, msidhani ni sisi tu wa visiwani.

Ila namba hizo zinaonyesha wale ambao familia imewazuia. Hazionyeshi wale ambao familia ndo iliyowasukuma kutoka. Talaka kwetu sio jambo la ajabu, tusidanganyane, na mwanamke akiachwa na watoto wanne anarudi kwa wazee wake na mzigo, nafaka ya watoto inakuja miezi miwili alaf inapotea, kwenda kwa kadhi kunataka nauli na moyo. Huyo haulizi tena saa. Atafanya zamu ya usiku, atauza urojo mpaka saa 5, atafua nguo za watu. Kule Jambiani kuna mradi wa kulima sifongo baharini na wengi waliofundishwa ni kina mama wanaolea peke yao. Kwahiyo watoto wale wale ambao jana walikuwa sababu ya kukaa ndani leo ni sababu ya kutoka, kilichobadilika ni nani anaeacha pesa asubuhi. Na hata hapo kuna kizuizi, aliefiwa na mume ana eda ya miezi minne na siku kumi, muajiriwa wa ofisi kubwa anaweza akazungumza na wakubwa wake, lakini mwenye meza ya vitumbua akirudi baada ya eda anakuta pale mahala pake pana mtu na wateja wameshazoea vitumbua vyengine.

Nimesahau shughuli. Hili wanaume huwa hawalioni kabisa kuwa ni kazi. Harusi, maziko, hitma, mtoto kuzaliwa, mtu kutoka Maka, kuna kuchambua mchele kilo mia, kukatia vitunguu, kukesha. Ukiwa muajiriwa wa zamu hufiki, au unafika watu wanaosha masufuria. Ukikosa mara tatu umeshaandikwa. Na siku yako ikifika, mama yako amefariki, nani atakuja kukupikia watu mia mbili? Kwa mwanamke wa kwetu kuhudhuria shughuli ni sawa na kulipia bima, na kazi inayomzuia asilipe hiyo bima ina gharama ambayo haimo kwenye ile bahasha yangu. Karafuu zinalijua hili kuliko hoteli. Msimu ukiiva Pemba utakuta kina mama usiku wamekaa duara ukumbini wanachambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku, mazungumzo yanakwenda, mtoto amelala mapajani, na mchana wengine wanaokota mpeta chini ya mikarafuu. Kazi na baraza vinakwenda pamoja.

Wapo wanaotoka wakafika mbali, na ukitaka kujua siri usiulize yeye amesoma nini, uliza mtoto analala wapi. Mi nikihesabu wanawake ninaowajua mwenyewe wenye vyeo, kila mmoja nyuma yake yupo mwanamke mwengine. Mama mzazi, khasa. Au dada mkubwa asieolewa. Au binti wa kazi kutoka shamba au Bara wa miaka 17 au 18 analipwa kiasi ambacho bosi wake angeona aibu kukitaja, ambae na yeye pengine ameacha mtoto kwa bibi yake. Kule Kinyasini kuna chuo kinachowafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua, wanaondoka makwao miezi kadhaa wanakaa bweni, na wengi wanaokwenda ni watu wazima kidogo, wenye watoto waliokwisha jitegemea au wenye mtu wa kuwaachia. Mwenye kichanga hakuna njia. Tena hao mabibi tunaowategemea na wao wanazeeka, wanahitaji kuoshwa, kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, kulishwa, na wa kuwaangalia ni binti yule yule ambae wao ndo waliomuwezesha kwenda kazini. Serikali ilianza Pensheni Jamii 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, elfu 20 kwa mwezi ilipoanza, imesaidia dawa na sukari, lakini haimuoshi mtu.

Kaka yangu baada ya yote haya akaniuliza sasa wewe unataka nini, hoteli zifungwe? Nikamwambia hapana, nataka hoteli moja tu iseme zamu zako ni hizi kwa miezi mitatu haziguswi, na pale penye jengo la kufulia mashuka kuwe na chumba cha watoto na mama mmoja mtu mzima wa kuwaangalia. Zile nasari za madrasa zilizoanza hapa 1990 zilianza na chumba kimoja na mkeka na mwalimu wa mtaani, hazikusubiri marumaru. Akasema hilo haliwezekani, hoteli ni biashara. Mke wake akaitikia kutoka jikoni, "na mimi hapa ni nini?" Tukacheka, yeye hakucheka sana.

Wiki iliyopita mpwa wangu akanipigia. Hoteli ile ile imemtafuta tena, safari hii 450,000. Nikamuuliza umejibu nini mwanangu? "Mama mdogo, nimemuuliza yule bwana gari ya zamu ya pili inafika Mahonda saa ngapi usiku. Akanambia mshahara una posho ya chakula. Nikamuuliza tena gari. Akanambia nimuandikie meseji atamuuliza mtu wa usafiri." Meseji ameandika. Mpaka jana ilikuwa na vitiki viwili vya buluu, na maandazi ameyauza kama kawaida.